Karatasi Iliyoanzia Mwisho

"Ni mimi," alisema mwalimu. "Andika, mwanangu, tumalize. Mtihani niliutoa mimi."

Sajini hakuandika. Kalamu ilibaki hewani kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.

Siku kumi na moja mama huyu alikuwa anakana. Akaitwa, akakana; akarudishwa, akakana, na kila mara kwa sauti ile ile ya darasani, kama vile polisi ndio waliochelewa kipindi. Leo asubuhi karatasi iliyokamatwa ilikuwa imerudi kutoka kwa mtaalamu wa mwandiko, na Sajini kaiweka mezani mbele yake kwa mara ya kwanza. Mwalimu kavaa miwani. Kaisoma tangu juu mpaka chini, kisha kidole chake kikasimama ukingoni mwa karatasi, kikakaa hapo muda mrefu. Kavua miwani. Ndipo aliposema ni yeye.

Kituoni mwanamke huyu, Sajini, walimwita Sindano. Si kwa ukali wake. Kwa wembamba, na kwa vile alipita pale kamba iliposhindwa. Kiingereza chake kilikuwa kama barabara ya udongo wakati wa mvua: utafika, lakini na matope mpaka magotini. Kumpa yeye kesi ya mtihani wa Kiingereza ilikuwa mzaha wa mkuu wake, na mzaha ulikuwa umeanza kuota mizizi.

"Umeutoa vipi, mwalimu?"

"Nimenakili kutoka kwenye daftari langu. Nikatoa."

"Ukampa nani?"

"Mtu."

"Mtu ana miguu miwili na jina."

Mwalimu alitazama dirisha. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, nywele fupi zenye mvi, na chaki ilikuwa imemwingia kwenye mistari ya vidole kiasi kwamba siku kumi na moja za kuosha mikono kituoni hazikuitoa.

Mtihani wenyewe ni ule wa kumaliza shule, unaofanywa siku moja kila mahali, na zilibaki wiki mbili. Mwalimu alikuwa mmoja wa watunzi. Sehemu C, ya mwisho, ilikuwa yake peke yake: sentensi kumi za kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, "look", na vineno vinavyokifuata. Miaka thelathini na nne alikuwa akikifundisha kitenzi hicho mpaka wanafunzi wakambatiza Mama Luk. "Look ni macho tu," aliwaambia. "Kinachofuata nyuma yake ndicho kinachosema macho yanakwenda kufanya kazi gani." Kisha aliwaonyesha kwa mwili. Kwa "at" alinyoosha kidole. Kwa "for" aliinama chini ya meza kama aliyeangusha ufunguo. Kwa "into" alifunua sufuria isiyokuwepo akachungulia ndani. Na kwa "after" alikunja mikono kifuani, akabembeleza mtoto asiyekuwepo. Juzi alimwonyesha hivyo hivyo Sajini, na askari wa mlangoni akajikuta naye amekunja mikono, bunduki inaning'inia kama mbeleko.

Sasa Sajini alifungua daftari jeusi lililochukuliwa nyumbani kwa mwalimu, akalilaza kando ya karatasi.

"Humu sentensi zako zina namba moja mpaka kumi."

"Ndiyo."

"Kwenye karatasi ni thelathini na moja mpaka arobaini."

"Nilibadilisha."

"Ulijuaje kwamba sehemu yako itaanzia thelathini na moja?"

"Nilikisia."

"Ukapatia. Hongera. Na mbona zimeandikwa kinyumenyume? Inaanza arobaini, inashuka thelathini na tisa, thelathini na nane, mpaka chini thelathini na moja."

"Nisijulikane."

"Mtu asiyetaka kujulikana anachora macho pembeni?"

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mwandiko haukuwa wa mwalimu. Mtaalamu alisema ni wa kijana mwenye haraka, anayekandamiza kalamu. Lakini ukingoni, mkabala na kila jibu, palikuwa na kijiduara chenye nukta katikati. Jicho. Macho kumi, kama samaki kumi wanaomtazama mpishi.

Mwalimu alisema, "Mwanangu, umeuliza, nimejibu. Mwanafunzi akishajibu hapigwi tena."

* * *

"Kakiri, na bado unazunguka?" Mkuu wa upelelezi alikuwa amesimama koridoni, kikombe mkononi. "Umekula ng'ombe mzima, mkia unakutoa jasho?"

"Afande, mkia huu ni wa ng'ombe mwingine."

"Karatasi imekutwa wapi?"

"Kwenye droo ya mkwewe, darasani kwake kwa tuisheni."

"Sentensi ni za nani?"

"Zake."

"Na kasema ni yeye."

"Kasema. Ila hajui namba zilitoka wapi."

Mkuu alikunywa, akamtazama juu ya ukingo wa kikombe. "Saa tisa alasiri anapelekwa kusomewa shitaka. Akishasomewa, ukija na maneno mengine utamweleza hakimu, si mimi. Na mama wa umri ule mahabusu hamalizi mwezi. Kwa hiyo kama una miguu, itumie."

Ilikuwa saa tatu kasorobo.

* * *

Mkwe wa mwalimu alikuwa na darasa la tuisheni juu ya duka la vipuri vya baiskeli: mabenchi manane, ubao uliopasuka katikati ukaungwa kwa misumari, na tangazo lililosema UFAULU NI LAZIMA, na chini yake kwa herufi ndogo, "viti ni vichache". Siku hiyo viti vilikuwa vingi. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja.

"Wamenikimbia kama nina ukoma," alisema. Alikuwa mnene, shati limemkaba shingo. "Afande, nilishaeleza yote."

"Nieleze tena. Mimi mzito kuelewa."

"Karatasi ilikuwa inapita chini ya mabenchi. Nikainyakua. Nikauliza ni ya nani. Kila mmoja akamtazama mwenzake, darasa zima likawa shingo tu. Nikaiweka kwenye droo."

"Ukaifungia siku nne bila kumwambia mtu. Mpaka mkaguzi wa elimu alipokuja kuipekua droo."

Mkwe alijifuta uso kwa kiganja. "Niliona yale macho."

"Ukafikiria nini?"

"Ningefikiria nini, dada yangu? Macho yale ni ya mama mkwe! Nyumba nzima inayajua. Nikasema, huyu mama kazeeka, pengine kapitiwa, kaacha karatasi mahali. Nikaificha." Alikaa kwenye benchi, benchi likalia. "Nilitaka kumfunika, nikamvua nguo hadharani. Mke wangu hajasema nami tangu siku ile. Ananipakulia chakula kama anayelisha kuku."

"Umewahi kumwona akichora?"

"Nani?"

"Mama mkwe. Kwa macho yako."

Mkwe alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama dari. "Mke wangu huchora. Akiandika orodha ya sokoni, akishaisoma mara ya pili, anaweka jicho. Vitunguu, jicho. Sabuni, jicho. Alisomeshwa na mama yake darasani kabisa, kama wengine."

"Sikuuliza mkeo. Mkeo alikuwa amelazwa na uzazi mwezi mzima mpaka karatasi ilipokutwa, nimeshakwenda hospitali na kusoma faili. Nauliza mama."

"Ah-ah." Alitikisa kichwa polepole. "Hapana. Yeye hachori. Kuna siku nilimtania, nikamwambia, 'Mama, na wewe weka jicho kwenye barua yako.' Akanijibu, 'Jicho si la anayeuliza. Jicho ni la anayejibu, akisharudi kutazama tena jibu lake.' Ndiyo sheria yake. Ukijibu, unarudi mwanzo, unatazama tena, ukiridhika unachora. Usipochora hasahihishi."

Sajini alikuwa ameshasimama.

"Afande, nimesema vibaya tena?"

"Safari hii umesema vizuri. Kamwambie mkeo akupakulie vizuri pia."

* * *

Ofisi ya Mitihani ilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye vyuma madirishani, hata ya chooni. Mlinzi wa mlangoni alimpapasa Sajini mifuko, akamvulisha viatu, akavipekua ndani.

"Karatasi haitoki humu, afande," alisema kwa fahari. "Hata ya peremende. Watu wangu nawakagua wakiingia na wakitoka. Mkurugenzi mwenyewe namvua soksi."

"Na kichwa?"

"Kichwa kipi?"

"Basi tu."

Kwenye ofisi ya nje ya mkurugenzi alikuwa amekaa sekretari, mwanamke wa miaka thelathini hivi, blauzi nyeupe, kucha fupi, meza safi mpaka unaona haya kuiwekea kiwiko. Nyuma ya kiti chake ukuta ulikuwa wa plaiwudi iliyopakwa rangi ya maziwa. Alisimama akasalimia kwa heshima.

"Mkurugenzi yuko kikaoni, afande. Lakini kaniambia nikupe chochote utakachotaka." Kisha, kabla Sajini hajafungua mdomo: "Mwalimu anaendeleaje? Anakula?"

"Anakula kidogo."

"Chai bila sukari. Akipewa yenye sukari hainywi, na hasemi."

"Nitawaambia."

Sekretari aliinamisha kichwa, akapanga kalamu tatu zilizokuwa zimeshapangika.

Sajini aliomba kuonyeshwa safari ya mtihani ndani ya jengo, tangu unapoingia hadi unapotoka. Sekretari alimweleza bila kutazama mahali popote, kama anayesoma: watunzi wanaleta sehemu zao katika bahasha, kila mmoja na yake, hajui ya mwenzake. Chumba cha uchapaji wanaziunganisha. Hapo ndipo namba zinapopangwa kwa mfululizo.

"Kwa hiyo mtunzi hajui sehemu yake itaanzia namba ngapi?"

"Hawezi kujua."

"Mwalimu alishawahi kufika kwenye uchapaji?"

"Hapana. Watunzi wanaishia mapokezi." Sauti ilikuwa shwari. "Baada ya kuunganishwa, prufu, nakala ya kusahihishwa, inakwenda chumba cha pili, hapo nyuma yangu. Wanasoma wazee wawili. Kisha inafungwa kwa lakiri."

"Nataka hao wazee."

* * *

Wasoma prufu walikuwa bwana mmoja mwenye miwani minene kama vitako vya chupa na bibi mmoja mwenye kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Wamekaa meza moja miaka ishirini na mbili, na walizungumza kama ndoa ambayo haikufungwa lakini ugomvi wake ulifika wote. Chumba kilikuwa na joto la tanuri. Pale feni ilipokuwa, juu ya ukuta wa plaiwudi, palibaki tundu na nyaya mbili.

"Feni iko wapi?"

"Kwa fundi," alisema Miwani.

"Miezi mitatu," alisema bibi. "Sasa nadhani fundi kaioa."

"Nionyesheni mnavyosoma."

"Siri hiyo, afande."

"Someni chochote. Hata gazeti."

Bibi alichomoa mtihani wa mwaka uliopita kwenye kabati, akabaki na nakala moja, akampa mwenzake nyingine. Miwani alikohoa, akajiweka sawa kitini kama mwimbaji, akageuza kurasa mpaka ya mwisho kabisa.

"Hamsini!" alitangaza. "The bus, dashi, late, nukta. Narudia. The bus, dashi, late, nukta. Arobaini na tisa!"

"Ngoja," alisema Sajini. "Ngoja hapo hapo. Mbona unaanzia mwisho?"

Walimtazama kwa huruma.

"Binti yangu," alisema Miwani, "ukisoma toka mwanzo, akili inakimbia mbele ya macho. Inasoma inachotarajia. Herufi imeruka, yenyewe inajazia, inapita zake. Ukianzia mwisho, akili inapotea njia, inabidi ishike macho mkono."

"Nani mwingine anajua mnasoma hivi?"

"Nani ajue?" alisema bibi. "Tunafungiwa mlango humu. Hata mkurugenzi anadhani tunasoma kama watu wazima. Polisi mngesoma kwa staili yetu, mngekuwa mna-look into. Nyinyi mna-look for tu: mmemwona mtu, mnamtafutia kosa."

"Bibi!" alisema Miwani.

"Nini? Mama Luk yuko ndani, feni iko kwa fundi, na mimi ninyamaze?"

Sajini hakukasirika. Aliomba waendelee, kwa sauti ile ile, na kila sentensi mara mbili kama kawaida yao. Yeye akatoka.

Meza ya sekretari ilikuwa tupu; mwenyewe alikuwa ameingia kwa mkurugenzi. Sajini alikaa kwenye kile kiti, mgongo kwa plaiwudi. Sauti ya Miwani ilishuka kutoka kwenye tundu la feni kama maji kutoka kwenye bomba: Arobaini na nane. Dashi. Nukta. Narudia. Taratibu, kila neno limesimama peke yake. Hata Kiingereza cha Sajini kilitosha kuandika.

Alitazama saa yake ya mkononi. Sentensi moja, mara mbili, na bibi kuhakikisha kila mkwaju na nukta: dakika mbili kasoro kidogo. Sentensi kumi, kama dakika ishirini.

Juu ya meza palikuwa na rejista ya prufu na jalada la kumbukumbu za vikao. Alifungua vyote viwili, akaviweka sambamba. Jumanne, wiki tatu nyuma: *Kusoma prufu ya Kiingereza, maswali arobaini, kuanza saa nne kamili.* Jumanne hiyo hiyo, kwenye jalada: *Kikao cha mkurugenzi na wageni, kufunguliwa saa nne na dakika ishirini. Mwandishi wa kumbukumbu: sekretari.*

Basi ndiyo maana karatasi iliishia thelathini na moja. Mwizi wa karatasi angechukua ukurasa wowote, au yote. Huyu alichukua kile alichosikia mpaka kikao kilipomwita.

* * *

Sekretari aliporudi alimkuta Sajini amesimama upande wa wageni, anapekua mfuko wake kama aliyepoteza kitu.

"Dada, nisaidie. Fomu ya shahidi, mwandiko wangu hausomeki, mkuu wangu analalamika. Nikutajie, wewe uandike?"

"Hakuna shida, afande."

Hapo ndipo Sajini alipoiona kazi. Alitaja haraka, makusudi: tarehe, jengo, utaratibu wa bahasha, namba. Kalamu ya sekretari ilitambaa bila kuinuka, mikunjo na vijiti vya hati mkato, kisha akavuta fomu akayamwaga yote kwa mwandiko mzuri, neno kwa neno, kwa mpangilio ule ule yalivyotajwa. Sajini alikuwa ametaja jina la ofisi mwisho badala ya mwanzo. Limeandikwa mwisho.

"Hukupanga upya."

"Imla haipangwi, afande. Unaandika unavyosikia. Ukianza kupanga, unapoteza." Alisema hivyo akiwa anasoma tena alichoandika, midomo ikicheza. Mstari wa kwanza, kijiduara, nukta. Mstari wa pili, kijiduara, nukta. Wa tatu.

Kwenye wa nne mkono ulisimama.

Ng'ambo ya plaiwudi Miwani alikuwa bado anasoma kwa bidii kubwa. Arobaini na mbili. Dashi. Nukta.

"Mwalimu alikufundisha darasa la ngapi?" Sajini aliuliza taratibu.

Sekretari aliweka kalamu sambamba na zile nyingine. "Darasa la saba. Halafu miaka minne nyumbani kwake. Mama yangu alikuwa amefariki. Mdogo wangu alichukuliwa na shangazi, mimi nikachukuliwa naye."

"Asubuhi ya leo amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba mtihani kautoa yeye. Nimemwonyesha karatasi, kaona macho, akajua ni mwanafunzi wake yupi anafanya kazi humu, kakiri. Saa tisa anasomewa shitaka."

Sekretari alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Kwa nini kakiri? Nani kamwambia akiri? Angekana tu! Hawana kitu cha kumfunga. Mimi nilijua hawana kitu, nilisoma faili lote la ofisi, nililichapa mwenyewe!"

"Ulichapa na barua ya kumsimamisha kazi."

"Mara tatu." Alitazama vidole vyake. "Mimi sikosei kuchapa, afande, uliza jengo zima. Ile nilikosea mara tatu jina lake."

Sajini alivuta kiti cha wageni, akakaa.  Watu wengi hujaza kimya upesi kuliko wanavyojaza fomu.

"Mdogo wangu kashaanguka mtihani huu mara mbili," sekretari alisema. "Shangazi hakumpeleka shule vizuri. Mimi nilipata mwalimu, yeye akapata mifugo ya shangazi. Siku ile sikukusudia. Feni ilikuwa imetoka, nasikia tu. Sentensi ya kwanza kushuka kutoka pale juu ilikuwa ile ya arobaini."

Aliisema kwa Kiingereza, polepole, kama anayeipapasa gizani. *When the girl lost her mother, a teacher looked, dashi, her.*

"Msichana aliyefiwa na mama, akatunzwa na mwalimu: ni mimi huyo. Kaniweka kwenye mtihani. Mkono ukaanza wenyewe. Nikaandika, nikajibu, nikarudi nikatazama, nikachora. Jioni nikamtajia mdogo wangu yote kutoka kichwani, akanakili, hata macho nilimwambia weka, maana ndivyo nilivyozoea. Nikamwambia ni ya kwako peke yako. Akaenda nayo tuisheni." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Afande, hakuelewa hata moja. Alifikiri dashi inaandikwa d-a-s-h-i. Ilibidi nimfutie."

"Siku kumi na moja," alisema Sajini.

"Najua."

"Analala kwenye saruji."

"Najua! Kila siku nasema kesho." Alisimama, akachukua mkoba wake, akaurudisha. Akafungua droo, akafunga kwa ufunguo, akaweka ufunguo katikati ya meza pale mtu atakapouona. "Nina dakika moja ya kumwambia mkurugenzi?"

"Mwandikie."

Aliandika mistari miwili. Akaisoma tena. Safari hii hakuchora kitu.

* * *

Walifika kituoni saa nane na dakika arobaini. Gari la kupeleka washitakiwa lilikuwa limeshawashwa, na mwalimu alikuwa amesimama kwenye kaunta na viatu vyake mkononi, akirudishiwa miwani na mkanda wa saa. Mkuu alisoma maelezo ya sekretari akiwa wima, ukurasa wa kwanza, wa pili, akamtazama Sajini.

"Ng'ombe mwingine," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Zima gari!" alipaza sauti kwa dereva. "Mama, samahani. Uko huru. Mtu atakurudisha nyumbani."

Mwalimu hakumsikia. Alikuwa amemwona aliyesimama nyuma ya Sajini na blauzi yake nyeupe.

 Sekretari alikuwa ametoa machozi bila kubadilisha uso, kama bomba linalovuja.

"Nilishakufunika, hukutulia," mwalimu alisema. "Nilisema ni mimi. Mbona umekuja?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Usiniamkie! Mbona umekuja?"

"Nilirudi kutazama tena," sekretari alisema. "Jibu halikuwa sawa."

Mwalimu alifumba macho. Askari wa kike alimshika sekretari kiwiko, kwa upole, akampeleka mlango wa ndani. Alipofika kizingitini aligeuka. Mwalimu, viatu bado vinaning'inia kwenye vidole viwili, alikunja mikono kifuani na kuitikisa mara moja tu, kulia, kushoto. Mlango ukafungwa.

"Twende, mwalimu," alisema Sajini. "Nitakupeleka mwenyewe."

"Nenda wewe. Una kazi." Alikuwa ameshakaa kwenye benchi la wageni, anavaa viatu. "Huyu hali chakula cha asubuhi mpaka apelekewe. Na akiogopa hupata kichomi."

Askari wa kaunta alikuwa kijana wa zamu mpya, hakujua habari za nyuma. Alimsogezea daftari. "Mama, hapa hatukai hivi hivi. Wa kuona mtu anajiandikisha. Jina lako, unamwona nani, uhusiano wako na mtuhumiwa."

Mwalimu alivaa miwani. Aliandika jina lake. Aliandika jina la sekretari. Kwenye nafasi ya tatu, ile ya uhusiano, kalamu ilisita, kisha ikaandika neno moja: *Mama.*

Alirudi mwanzo wa mstari, akausoma tena polepole, kidole chini ya kila neno. Kisha, ukingoni, akachora kijiduara, na katikati yake akaweka nukta.